Ua Uliponyamaza

Muuguzi aliingia uani akiisukuma pikipiki, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika soli hadi soksi ilionekana. Wapita njia wawili waliomsaidia kuipandisha mlima waliishia getini, mikono viunoni, wakihema. Hakumsalimia mtu. Aliisimamisha pikipiki, akafungua sanduku la chanjo lililofungwa nyuma ya kiti, akaigusa barafu kwa ncha ya kidole, akalifunika tena taratibu kama anayemfunika mtoto aliyepitiwa na usingizi. Ndipo alipomgeukia fundi.

"Kona ya kwanza," alisema. "Ya kwanza tu, Fundi! Nimeachia resi, injini imekataa kuachia. Nakanyaga breki, yenyewe inasukuma. Nimeburuta mguu chini kama mtoto aliyeazima baiskeli. Lori linapanda, mimi nashuka, na huyu mnyama wako ananguruma kana kwamba anaitwa huko chini."

"Jumanne nilipoirekebisha ilikuwa imetulia," fundi alisema.

"Jumanne ilitulia hapa uani. Mimi siishi uani kwako."

Kutoka pembe ya pili, mchomeleaji wa mageti aliinua kioo chake cha kukinga macho. "Labda imempenda sista, haitaki kumwachia!"

Ua ulicheka. Fundi naye alicheka, ila kicheko chake kilifika nyuma ya vya wenzake, kama abiria aliyelikimbilia gari. Alikuwa amekiokota kwenye nyuso zao.

Muuguzi hakucheka. "Nikitoka hapa saa saba, barafu itanifikisha. Ikipita hapo, chanjo zote ni za kumwaga. Kina mama wapo zahanati ya bondeni tangu asubuhi, na gari letu liko juu ya matofali. Nakuuliza, na unijibu kama unavyomjibu dada yako wa tumbo moja: saa saba nitaushuka mlima huu salama, au nisishuke?"

"Utashuka," fundi alisema. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Watu walimwita Kimya, na si kwa sababu ya uchache wa maneno. Alikuwa fundi wa pikipiki za zamani, zile zenye silinda mbili na kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, ambazo mafundi wengine walizipitia mbali. Kabureta mbili ni kama watu wawili waliobeba machela: mmoja akitangulia hatua moja, mgonjwa yuko chini. Wengine walizilinganisha kwa vipimo vyenye mishale. Yeye alitumia masikio. Alilegeza skrubu, akairudisha robo mzunguko, halafu nusu ya robo, kichwa kimeinama kama anayenong'onezwa siri. Na kabla ya kuanza aliinua mkono wa kushoto. Mkono ule ulipoinuka, mchomeleaji alizima mashine yake, mama wa cherehani kibandani aliondoa mguu kwenye pedali, mwenye redio aliifunga, na mteja, hata awe mkubwa wa namna gani, aliimeza sentensi yake katikati. Hakuna aliyefungua kinywa mpaka mkono ushuke. Pale uani hata zamu ya kufagia ilikuwa na wabishi wake, lakini mkono wa Kimya haukuwahi kubishiwa kwa miaka thelathini.

Miaka miwili sasa, ukimya ule ulikuwa ukirefuka. Majirani walisema mzee amezidi umakini. Mwenyewe alikuwa na maelezo mengine. Watu wa siku hizi hawafungui midomo wanapozungumza. Simu zinatengenezwa ovyo. Ndege wamehama. Alijizoeza kutazama midomo, kusimama mgongo ukutani ili asishtukizwe, na kusema "ndiyo, ndiyo" kwa maneno ambayo hakuyakamata. Sauti nzito zote zilimfikia. Akiiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, aliusikia hata mgongano mdogo wa vali. Kiziwi ni mtu asiyesikia, na yeye alisikia. Basi maneno ya nini?

Binti yake alikuwa ameshalitoa tangi na kulilaza juu ya gunia. Alikuwa na mwaka wa sita akifanya kazi na baba yake, na mikono yake mirefu ilifika mahali ambapo ya mzee ilikwama. Alifungua plagi mbili, akazipanga kwenye kiganja, akamwonyesha. Ya kushoto ilikuwa ya kahawia. Ya kulia ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Silinda ya kulia ina njaa," fundi alisema. "Petroli haifiki." Kisha, kwa kuwa muuguzi alikuwa amesimama hapo hapo na kiatu chake kilicholika, akaongeza kwa sauti ya kusikika na wote: "Vile vitundu vya petroli, zile jeti, ulivisafisha na nini?"

"Petroli na upepo, baba."

"Hukuingiza waya?"

Binti alimtazama. "Sijawahi kuingiza waya."

"Waya unapanua tundu. Tundu likiharibika, kazi yote imeharibika. Nimesema mara ngapi?"

Binti aliinama kuokota spana, na maneno yake yakaangukia chini pamoja na uso wake. Fundi aliona tu mabega yakitikisika kidogo, kama mtu anayeeleza jambo.

"Ndiyo, ndiyo," alisema.

Binti aliinuka pole pole, akiwa na spana mkononi. Alikuwa amesema kwamba tundu likipanuka petroli inazidi, haipungui, na kwamba plagi nyeupe haiwezi kuwa kosa la waya. Alikuwa amembishia baba yake mbele ya mteja, kwa mara ya kwanza maishani, naye baba ameitikia kama aliyetakiwa heri. Muuguzi alitazama saa yake.

Wakarudi kazini. Fundi aliipandisha sindano ya kabureta ya kulia ngazi moja ili petroli iongezeke, akaifungulia skrubu yake mzunguko mzima zaidi, akailegeza na skrubu ya mwendo wa injini ikiwa imepumzika. Jumanne alikuwa amefanya hivyo hivyo, kwa kiasi kidogo. Muuguzi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, sanduku la chanjo mapajani, akilikinga jua kwa kivuli chake mwenyewe. Kila jua liliposogea alisogeza ndoo.

Saa sita kasorobo walirudisha tangi, wakaiwasha injini, wakaiacha ipate moto. Ilipokuwa tayari, fundi aliinua mkono.

Mchomeleaji alizima mashine. Cherehani ilikata. Redio ilikufa katikati ya tangazo. Hata wapita njia wale wawili, waliokuwa bado getini wakingoja kuona mwisho wa mambo, walinyamaza bila kuambiwa.

Fundi aliinamisha kichwa. Ngurumo ilimjia ikiwa nzima na ya duara, kushoto na kulia zikipokezana kama watwangaji wawili wenye kinu kimoja. Aliisikia kwenye mfupa, akaisikia kwenye nyayo. Moyo wake ulianza kushuka mahali pake. Akapiga resi mara moja, akaachia. Injini ilining'inia juu kwa muda, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema, halafu ikashuka. Ilining'inia kidogo tu. Alijiambia ni kidogo tu.

Aliinua macho ili awatazame.

Kwa kawaida, wakati kama huu, watu walikuwa wakitazama kucha zao au mawingu. Leo macho yote yalikuwa mahali pamoja. Mama wa cherehani alikuwa ameinamisha kichwa, uso umekunjamana kama aliyenusa kitu kinachoungua. Mchomeleaji alikuwa ameng'ang'ania mpira wa mtungi wake wa gesi, lakini macho yake yalikuwa kwenye kabureta ya kulia, upande wa chini. Muuguzi naye alikuwa anatazama pale pale. Fundi akasogea kushoto; macho hayakumfuata. Akageuza skrubu; nyuso hazikubadilika. Kitu kilikuwa kinazungumza pale chini ya kabureta, na kilizungumza na kila mtu isipokuwa yeye.

Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Alisikiliza mpaka meno yakamuuma. Palikuwa na ngurumo, na nyuma ya ngurumo hapakuwa na kitu.

Hakuna aliyesema neno, kwa sababu mkono ulikuwa juu.

Angeweza kuushusha na kusema "Tayari." Neno hilo lilikuwa limeshakaa ulimini, limezoea kutoka. Angelisema, naye mchomeleaji angewasha mashine, cherehani ingeendelea, na kila mmoja angejiambia kwamba ikiwa Kimya ameridhika, basi alichosikia yeye si kitu. Miaka thelathini ilikuwa imewafundisha hivyo. Sista angefunga sanduku lake kwenye kiti. Angefika kona ya kwanza, angeachia resi, na injini ingening'inia, kidogo tu.

"Mnasikia nini?" aliuliza.

Walitazamana. Mkono ulikuwa bado juu. Ilibidi autazame mwenyewe, auone pale hewani kama wa mtu mwingine, ndipo aushushe.

"Mimi sisikii," alisema. "Nauliza, mnasikia nini?"

Mama wa cherehani ndiye aliyethubutu. "Ni kama nyoka, kaka. Ssss. Ukipiga resi anaongeza, ukiachia anaendelea kidogo."

"Mimi nilidhani ni mtungi wangu unavuja!" mchomeleaji alidakia. "Nimebadilisha mpira, nimepaka sabuni, nimekagua mpaka basi. Kumbe ni huko!"

"Tangu lini?"

"Jumanne," alisema mama wa cherehani.

"Na hamkusema!"

"Tungesemaje, kaka, na mkono ulikuwa juu?"

Binti hakungoja zaidi. Alichukua chupa ya maji ya sabuni ya kunawia mikono, akatoboa kizibo kwa msumari, akapiga magoti na kuielekeza chini ya kabureta ya kulia, kwenye mpira mfupi unaoiunganisha na injini. Maji yalipogusa mpira, injini ilizama, ikasongwa, ikatoa moshi mweusi, ikakaribia kufa. Maji yalipoisha ikainuka tena na kuchangamka.

Hilo fundi alilisikia. Na akaelewa yote kwa mkupuo, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani na kukuta samani haziko alikodhani ziko. Hewa ilikuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma. Silinda ya kulia ilishiba upepo badala ya petroli, na upepo huo huo ndio uliokataa kuiachia injini ipumzike. Yeye, tangu Jumanne, alikuwa akiongeza petroli kuufukuza upepo, skrubu kwa skrubu, kwa ustadi mkubwa, akirekebisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika. Alipitisha kidole chini ya mpira. Pale nyuma ya klipu, mahali jicho halifiki, ufa ulimnyonya ncha ya kidole kama mdomo wa mtoto mchanga.

Alizima injini.

"Nilikwambia Jumanne," binti alisema. Sasa alisimama mbele yake, uso umenyooka, akitamka kila neno waziwazi. "Nilikwambia mpira wa kulia umekakamaa, tuubadilishe. Ukasema ndiyo, ndiyo. Nikajua umeukagua."

"Ungerudia."

"Nilirudia, baba. Ukasema ndiyo tena."

Fundi alitazama mikono yake. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, mahali binti yake aliposimama. Meza ya vifaa ilikuwa upande wa kulia, tangu zamani. Lakini binti alifanya kazi upande wa kushoto, kwenye sikio lililobaki na uhai zaidi, na kila alipohitaji spana alizunguka pikipiki nzima kwenda kuichukua. Amekuwa akizunguka hivyo miaka miwili.

"Na wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Binti alipangusa mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Muuguzi alikohoa. "Jamani, kulia mtalia jioni. Barafu yangu inalia sasa hivi."

Wakacheka, na safari hii fundi alicheka kwa wakati.

Mpira mwingine ulikuwepo. Binti alikuwa ameutoa siku ile ile ya Jumanne kwenye pikipiki kuukuu iliyokatwakatwa nyuma ya ua, akauosha na kuuhifadhi kwenye kopo, akisubiri ruhusa. Waliufunga. Kisha fundi akamwambia arudishe kila kitu alichokuwa amekigusa: sindano kwenye ngazi yake ya katikati, skrubu hadi mwisho, halafu zifunguliwe upya, mzunguko mmoja na nusu kila upande, kama pikipiki iliyoingia uani leo. Ilimwuma kuona kazi yake ikifutwa kwa bisibisi ya mwingine, na iliuma zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza.

Saa saba kasoro dakika ishirini waliiwasha. Fundi alichuchumaa nyuma, viganja viwili mbele ya ekzosi mbili, akipokea pumzi zake.

"Kushoto inatangulia," alisema.

Binti, bisibisi mkononi, aliinama. "Hapana. Zipo sawa."

"Kushoto inatangulia. Naipata mkononi."

Binti alisikiliza tena, midomo imebanwa. Mchomeleaji hakuwa amewasha mashine, na hakuna aliyemwambia asiwashe. "Kidogo," alikubali hatimaye. "Kidogo sana."

"Basi vuta ya kulia. Robo."

"Robo itazidi, baba. Nitasikia ikifika."

Ulimi wa fundi ulitaka kubisha. Viganja vyake vilitaka kuiona robo. Aliviacha pale pale mbele ya ekzosi. Binti aligeuza skrubu chini ya robo, chini sana, akaacha. Pumzi mbili zikagonga viganja vya mzee kwa pamoja.

Binti akapiga resi, akaachia. Injini ilidondoka kama jiwe kisimani.

"Yule nyoka?" fundi aliuliza, akiwatazama wote.

"Hayupo, kaka."

Muuguzi alishafunga sanduku. "Sitakuuliza tena lile swali," alisema. "Panda wewe kwanza. Nenda kona ya kwanza, urudi. Ukirudi na viatu vyote viwili, nitakwenda."

Alikwenda. Barabara ilijiinamisha chini yake, na kona ikaja haraka kuliko alivyoikumbuka. Kwa miaka yote alipojaribu pikipiki alitangulizwa na sauti. Sasa alishika usukani kama anayeshika mkono wa mtu gizani. Lori lilikuwa likipanda, kubwa, limechukua zaidi ya nusu ya njia. Aliachia resi. Akahesabu moyoni, na kabla hajamaliza kusema moja, uzito wa injini ulirudi nyuma chini ya mapaja yake, ukamshika, ukampunguza. Lori lilipita na upepo wake. Aligeuza pikipiki, akabaki pale ukingoni kidogo kabla ya kupanda.

Saa saba kamili muuguzi aliondoka. Kiatu kilicholika alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa tairi ambacho mama wa cherehani alikishona kwa mikono, akilalamika kwamba yeye ni wa magauni. Fundi na binti yake walimfuata mpaka nje ya geti, hadi mahali barabara inapoanza kuanguka. Chini yao kona saba zilijikunja moja ndani ya nyingine na kupotelea kwenye miti.

Alimwona mpaka ya kwanza. Baada ya hapo palikuwa na vumbi tu.

"Niambie," alisema.

Binti alisogea kushoto kwake. "Ya kwanza ameachia. Imeshuka. Sasa anavuta tena." Akasikiliza. "Ya pili. Imeshuka. Safi. Ya tatu..."

Akanyoosha shingo.

"Ya tatu nini?"

"Subiri, baba. Kuna lori."

Fundi alimtazama usoni, akatazama nyusi, pembe za mdomo, mshipa wa shingo. Hakuwahi kuusoma uso wa mtu kwa njaa kiasi hicho. Lori lilitokeza, likapita likiwarushia vumbi, na lilipokwisha kupita binti bado alikuwa hajasema kitu. Mikono ya fundi ilikunjika.

"Imeshuka," binti alisema, akavuta pumzi. "Ya tatu imeshuka. Ya nne. Anakwenda vizuri, anakwenda kama kawaida yake, hana haraka. Ya tano. Imekuwa ndogo sasa. Kama cherehani. Ya sita..."

Upepo ulibadilika, ukaja kutoka mgongoni. Binti aliinamisha kichwa, akakigeuza upande wa pili, akafumba macho.

"Sasa hata mimi simsikii, baba."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyegeuka kurudi uani. Walibaki ukingoni mwa barabara, bega kwa bega, wakisikiliza.